Kitabu cha Malisho cha Kundi la Nne

Kundi la Nne lilikuwa na wanachuo wanne, lakini Kwini alimjua mmoja tu. Mtamba yule mweusi mwenye doa jeupe usoni alikuwa akisikia gambuti za Chepngeno kwenye changarawe, mara anainua kichwa na kulia. Wale wengine watatu wakija, hata sikio halitikisiki. Ng'ombe si mjinga. Anajua nani amekuja kumlisha na nani amekuja kupiga naye picha.

Chuo chenyewe kiko nje ya mji wa Nakuru, ukipanda kuelekea Bahati, na desturi yake ni hii: kila kundi la wanachuo wa cheti hupewa mtamba mmoja wa kutunza mpaka siku ya mtihani wa mwisho. Mtamba akinona, kundi limenona. Akikonda, wote wamekonda, kwa maana alama ni moja kwa kundi zima. Zizini kuna kitabu cha malisho chenye jalada gumu. Asubuhi na jioni mwenye zamu anaandika amelisha nini, kilo ngapi, saa ngapi, kisha anatia sahihi. Kila Jumatatu Bwana Nyongesa, mwalimu wa zizi, hukipitia kwa kalamu nyekundu akihesabu mistari, na mmoja ukikosekana, kundi zima linakatwa alama.

Chepngeno alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Wenzake hawakuwa wamefika ishirini na mbili. Kulikuwa na Sue wa Naivasha, msichana wa kucheka upesi na kulia upesi. Kulikuwa na Mwaura, mtoto wa mwenye hardware pale Mai Mahiu, aliyeletwa chuoni na babake kama gunia la saruji linavyoshushwa. Na kulikuwa na Odero, mrefu na mpole, kiongozi wa kundi kwa sababu siku ya kuchagua viongozi ndiye aliyekuwa hayupo. Wote walimwita mathe. Neno lenyewe halina ubaya, mama yeyote barabarani huitwa hivyo. Ila kinywani mwao lilikuwa na maana ya kazi. Mathe atafagia. Mathe ataandika ripoti. Mathe yuko, sisi twende.

Walimkera kwa mambo madogo madogo, yale ambayo ukimweleza mtu anakuuliza kosa liko wapi. Akiuliza swali darasani, mguno ulisikika nyuma, kwa kuwa swali lake lingechelewesha chakula cha mchana. Siku aliyosimama mbele kueleza joto la mwili wa ng'ombe, ulimi wake wa Kikalenjin ulijikwaa kwenye neno moja la Kiingereza, na kufika jioni uso wake ulikuwa umegeuzwa stika kwenye grupu la WhatsApp la darasa, mdomo wazi. Wakaitumia miezi. Mtu akiandika kwamba mvua inanyesha, anajibiwa kwa uso wa Chepngeno. Naye alikuwa humo humo grupuni, akijiona anavyopita, asijue acheke au atoke. Hakutoka, maana matangazo yote ya chuo yalipitia humo.

Alivumilia kwa sababu ya duka. Yeye na mumewe Zeddy walikuwa wameuza dawa za mifugo mjini Molo kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewauliza karatasi mpaka wakaguzi walipokuja na kufuli. Sheria ni sheria: dawa iuzwe na mwenye cheti. Mwenye chumba, mzee Naftaly, akawa mwema kwa kadiri yake. Aliwaambia atawawekea chumba mpaka Desemba, Chepngeno atakapomaliza masomo, na ikipita hapo hawajarudi atampa muuza simu aliyekuwa akikimezea mate. Wakauza ng'ombe wao wawili kwa ajili ya karo. Zeddy akaenda kupakia viazi kwenye malori, mtu wa miaka hamsini mwenye mgongo mbovu. Mwanamke aliyeacha hali hiyo nyumbani akiitwa mathe na mtoto wa Mai Mahiu, atanuna? Alimeza.

Ndipo likaja jambo la kitabu. Mara ya kwanza ilikuwa ujumbe wa Sue: amelisha, ila amesahau kuandika, mathe amjazie. Akamjazia. Mara ya pili alikuta hori tupu na mistari miwili mitupu. Akamlisha Kwini mwenyewe, akaandika jina la Odero, akaweka mkwaruzo mfupi pale pa sahihi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini Chepngeno hakuwa akichelea mwana. Alikuwa akichelea alama. Kufika muhula wa tatu, kitabu kizima kilikuwa ni mwandiko mmoja, mzuri, ulionyooka, wa mtu aliyeandika hesabu za duka miaka kumi na mmoja.

Alipomweleza Zeddy kwenye simu, Zeddy alimuuliza kama hao watoto walikuwa wanalipa. Chepngeno akacheka, akasema wanamlipa kwa stika.

&nbsp;

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, zamu ilikuwa ya Mwaura. Saa moja na nusu asubuhi, Chepngeno akipiga pasi nguo ya kanisa katika chumba alichopanga karibu na lango la chuo, ujumbe ukaingia. "Mathe nishamlisha Kwini. Nijazie hiyo kitabu please, niko na usingizi vibaya."

Akapitia zizini njiani kwenda kanisani. Kwini alikuwa ametia kichwa horini, anatafuna kwa bidii. Chepngeno akafurahi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kijana alikuwa amesema kweli. Hakuinama kutazama ndani ya hori. Alikuwa na viatu vyeupe na muda ulikuwa umemwishia. Akaandika kama kila siku: nyasi kavu, kilo nne, saa moja asubuhi. Mwaura. Mkwaruzo.

Mwaura alikuwa amelisha kweli. Lakini nyasi kavu ziko ghala la juu, na lazima zikatwekatwe kwa panga, na yeye alikuwa ametazama mpira hadi alfajiri. Kando ya zizi palikuwa na lusani mbichi iliyokatwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, imelowa umande. Alibeba mafungu mawili makubwa, akayatupa horini, akarudi kulala. Mtoto yeyote wa Molo anajua kwamba lusani yenye umande kwa ng'ombe mwenye njaa ni sumu, humjaza hewa tumboni mpaka akafa. Mwaura alikuwa amefundishwa jambo hilo darasani, siku aliyokuwa akitengeneza ile stika.

Saa saba mchana Chepngeno akarudi, bado katika viatu vyeupe, akamkuta Kwini amesimama miguu imepanuka, ulimi nje, ubavu wa kushoto umefura kama ngoma. Sue na Odero walikuwa hapo. Walikuwa wamekuja kupiga picha, na sasa Sue alikuwa analia.

Chepngeno alimpigia Bwana Nyongesa. Simu haikupatikana. Alimpigia mara nne. Nyongesa alikuwa kwenye matanga kwao, simu imezimika, na ufunguo wa stoo ya vifaa ulikuwa mfukoni mwake. Mlinzi wa lango hakuwa na namba ya mtu mwingine. Chepngeno akamtuma Odero jikoni alete mafuta ya kupikia, maji ya moto na kisu, na Odero, kwa mara moja tu katika muhula wote, akakimbia. Wakamnywesha mafuta kwa chupa ya soda, polepole, Chepngeno akimshika taya na kumsugua ubavu. Wakangoja. Kwini akayumba, akapiga magoti, akalala chini. Pumzi ikaanza kukatika.

"Sue, shika kichwa," Chepngeno akasema.

Sue hakushika kichwa. Alikuwa ameinua simu mbele ya uso wake, akirekodi. Watu wa siku hizi wakiogopa hujificha nyuma ya simu. Odero ndiye aliyeshika.

Chepngeno akavua koti la kanisani. Akapima kwa kiganja katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, upande wa kushoto, akamwaga maji ya moto kwenye kisu, akadunga. Hakufunga macho. Babake alifanya hivyo mara mbili mbele yake alipokuwa msichana, na yeye mwenyewe mara moja, kwa ng'ombe wa jirani. Hewa na povu la kijani vikaruka hadi kwenye nywele zake. Akazungusha kisu kidogo ili tundu libaki wazi, akaingiza kipande cha mpira wa maji, akakishikilia hapo, amepiga magoti kwenye mavi akiwa na sketi yake ya Jumapili, akiomba kwa Kikalenjin kwa sauti.

Baada ya robo saa Kwini aliinua kichwa. Baada ya nusu saa alisimama.

Sue akamkumbatia Chepngeno, povu na yote, akalia upya. Alikuwa amefurahi kwa dhati, tusimwonee. Kisha akaenda hosteli, akakata ile video ikawa fupi, akaiwekea muziki wa kuchekesha na maandishi, "Mathe wetu na kisu, daktari wa mtaa," akairusha mtandaoni.

&nbsp;

Jumatatu Bwana Nyongesa alirudi, akamsafisha Kwini kidonda, akamshona, akamdunga dawa. Akauliza nani aliyefanya kazi ile. Chepngeno akasema ni yeye. Nyongesa akatazama tundu tena. "Ungemngoja mtu, huyu saa hii angekuwa ngozi," akasema. "Kazi safi, mama."

Jumanne video ilikuwa imefika Molo. Zeddy alioneshwa na wapakiaji wenzake, pale kwenye malori, gunia likiwa mgongoni. Wengine walimsifu mkewe. Mmoja akaigiza jinsi alivyokuwa akiomba, na wote wakacheka, na Zeddy akacheka nao kwa kuwa ndiye aliyekuwa na gunia. Jioni alimpigia simu Chepngeno.

"Umemwokoa ama hukumwokoa?" akauliza.

"Nimemwokoa."

"Basi wacheke."

Lakini chini ya video kulikuwa na maneno maelfu, na si yote ya kucheka. Watu waliuliza ni chuo gani kinachofundisha wanafunzi kuchinja. Mtu aliyesema yeye ni daktari wa mifugo akaandika kwamba mwanafunzi wa cheti haruhusiwi kupasua mnyama bila msimamizi, na kwamba huko ni kuvunja sheria. Mwingine akalitambua lango la chuo nyuma ya picha, akalitaja jina. Jumatano asubuhi Sue aliifuta video. Alikuwa amechelewa, ilikuwa imeshazaa. Mchana barua ikabandikwa ubaoni: Chepngeno afike mbele ya kamati ya nidhamu, Ijumaa saa nne. Kundi la Nne zima lihudhurie kama mashahidi.

Alhamisi Mwaura alimfuata zizini. Hakuwahi kufika huko bila kuitwa. Alisimama nje ya ua, mikono mfukoni, akamwita mathe mara tatu kabla ya kusema neno.

"Mathe, ukisema ni mimi nilipeana lusani, hao watanifukuza. Na babangu amesema nikirudi nyumbani tena nitamjua yeye ni nani. Hii ni college ya tatu."

Chepngeno aliendelea kukatakata nyasi.

"Wewe utaachiliwa tu," Mwaura akasema. "Sisi wote watatu tutasema ng'ombe ilikuwa inakufa, na ulipigia mwalimu simu mara nne. Odero ameapa. Ukiniingiza mimi, watauliza mambo mengi, alama za wote zitaenda. Hata zako."

Alisema hayo huku akitokwa na machozi, na machozi yalikuwa ya kweli. Chepngeno alimwona alivyokuwa mdogo ndani ya jaketi lake kubwa, akamkumbuka bintiye Jebet wa kidato cha tatu, akamwonea huruma. Na zaidi ya huruma, neno la alama lilimwingia. Bado wiki tisa tu wafanye mtihani. Bado wiki tisa duka lifunguliwe. Akamwambia sawa, hatamtaja, ila naye aseme ukweli juu ya simu na ng'ombe. Mwaura akamshika mkono kwa mikono miwili kama mtu aliyeombewa kanisani.

&nbsp;

Kamati ilikuwa na watu wanne nyuma ya meza moja ndefu: Madam Wamaitha aliyekuwa mkuu wa chuo, walimu wawili wasiomfahamu, na Bwana Nyongesa. Chepngeno alipewa kiti. Vijana walisimama kando ya ukuta. Katikati ya meza, juu ya faili, palikuwa na kitabu cha malisho.

Madam Wamaitha hakuwa mkali. Alizungumza polepole, kwa uchovu, kama mtu aliyekuwa akijibu simu za watu wakubwa wiki nzima. Akauliza kwa nini hakumngoja msimamizi. Chepngeno akaeleza zile simu nne, akatoa simu yake aoneshe. Madam akasema hakuna haja, akamgeukia Nyongesa. Nyongesa akatazama mezani. Akasema kwao mtandao ni wa shida, labda alipigiwa, yeye hakuona. Akaulizwa kama ilikuwa lazima kudunga. Akakohoa, akasema ni vigumu kwa mtu ambaye hakuwepo kuamua.

Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu ile kazi safi. Chepngeno alimtazama mpaka akachoka kumtazama.

Vijana wakaulizwa mmoja mmoja. Sue akasema ng'ombe alikuwa amefura, ndiyo, lakini yeye hajui kama alikuwa anakufa, yeye alikuwa amechanganyikiwa. Odero akasema mathe ndiye aliyeonekana kujua, wao walifanya alivyowaambia. Mwaura akasema hakuwepo. Hilo lilikuwa kweli, na alilisema kwa sauti safi kabisa.

"Sasa huyu mtamba alifurishwa na nini?" Madam Wamaitha akauliza, akafungua kitabu. "Hapa naona nyasi kavu. Nyasi kavu haifurishi ng'ombe hivyo."

Chepngeno alimgeukia Mwaura, na Mwaura akatazama viatu vyake. Hapo hasira ya miezi yote ikampanda, akaona wazi kwamba ameshikilia kamba peke yake na wenzake wameshaiachia zamani. Akasema. Akasema ilikuwa lusani mbichi, ilikuwa zamu ya Mwaura, aliona mabaki horini alipokuwa akisafisha.

"Mwaura, uliandika wewe hapa?"

"Hapana, madam."

"Nani aliandika?"

"Mathe ndiye huandika. Yeye ni kama secretary wetu."

Madam akafungua ukurasa mwingine, na mwingine, akarudi nyuma hadi mwezi wa tano. Akauliza bila kuinua kichwa kama huu mwandiko wote ni wa mtu mmoja. Mmoja wa wale walimu akainama kutazama, akapiga mluzi mdogo.

"Mama, nisaidie," Madam Wamaitha akasema. "Ama hii nyasi kavu ni kweli, na sasa unamsingizia kijana. Ama ni uongo, na wewe ndiye umeuandika. Ni gani?"

Chepngeno alitazama mwandiko wake, ulivyokuwa mzuri. Angeweza kusema vijana walimwomba. Alisema. Lakini Madam akawauliza, na Sue akalia bila kujibu, na Odero akasema kwamba wao walijua tu kitabu kinajazwa, hawakuuliza na nani. Jumbe za Mwaura zilikuwa kwenye simu, ile simu ambayo hapakuwa na haja ya kuiona, na hata hivyo ombi la mwizi halimtoi hatiani aliyemfungulia mlango. Chepngeno alilijua hilo vizuri kuliko wote mle chumbani. Aliona haya, haya ya mtu mzima, mbele ya watoto.

"Niliandika mimi," akasema. "Yote."

Wakatolewa nje. Walingoja kwenye benchi la korido. Sue akatoa chokoleti mkobani, akavunja vipande vinne, akampa Chepngeno kimoja. Chepngeno akakipokea. Hakujua la kufanya nacho, akakifunga katika leso.

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa sita. Kwa kumpasua mnyama bila msimamizi, onyo, kwa kuwa mnyama alipona. Kwa kughushi rekodi za chuo muda wa miezi mitano, kusimamishwa masomo miaka miwili. Wenzake watatu wapewe onyo la maandishi na waendelee na mtamba wao. Madam Wamaitha akampa barua kwa mikono miwili, kwa heshima, akamwambia amejaribu kumwombea nafuu lakini video ile ilifika mbali mno.

&nbsp;

Zeddy hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaiweka juu ya kabati pamoja na karatasi za ng'ombe waliouzwa. Kisha akamuuliza kama amekula.

Siku ya pili walikwenda wote wawili kwa mzee Naftaly. Mzee aliwasikiliza, akawaonea huruma sana, akawapa chai. Lakini miaka miwili ni miaka miwili, akasema, hata yeye ana watu wanaomtegemea, na muuza simu yuko tayari hata kesho. Wakaombwa watoe rafu zao. Walizitoa Jumamosi, siku ya soko, watu wote wakipita. Mtu mmoja ambaye Chepngeno alimtibia ndama miaka iliyopita alisimama akauliza kama wanahama. Zeddy akasema wanapanua. Mtu yule akawapongeza, akaenda zake, na Zeddy akaketi juu ya rafu kando ya barabara, akafunika uso kwa kofia. Mgongo, akasema. Ni mgongo tu.

Jebet alirudi kutoka shule kwa likizo akakuta mamake hayupo chuoni na babake hayuko kwenye malori. Mgongo ulikuwa umekataa kabisa. Sasa Chepngeno ndiye aliyekwenda kwenye viazi. Hakupakia, wanawake hawapakii. Alikaa na wengine kwenye turubai, kuchagua: vikubwa huku, vya mbegu huku, vilivyokatwa na jembe kule. Baridi ya Molo asubuhi hufanya vidole visijue vinachoshika. Wengine walikuwa wamemwona kwenye ile video, lakini walikuwa watu wazima, hawakumwambia.

Ilikuwa huko, alasiri moja ya mwezi wa kumi na moja, simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Sue.

"Mathe! Sasa? Uko poa?"

Chepngeno akasema yuko salama. Akafuta mkono kwenye leso.

"Mathe, kesho ni ile oral ya mwisho. Kuna mwalimu wa kutoka nje, anauliza kila group juu ya ng'ombe yao. Si unajua tutaulizwa tu ile story ya kufura. Sasa hapa hatukumbuki. Ulidunga upande gani?"

Nyuma ya sauti yake Mwaura alisikika akisema ni kulia, Odero akisema si kulia, na mtu akicheka. Walikuwa zizini. Chepngeno alimsikia Kwini akilia, mlio aliouzoea.

"Na wewe unarudi lini?" Sue akauliza. "Walisema ni kitu kidogo tu. Tulidhani hata ungekuja kwa exam."

"Miaka miwili, Sue."

Alimsikia akiwaambia wenzake, kwa sauti ya chini, na vicheko vikakoma. "Aki pole mathe," Sue akasema. "Pole sana. Hatukujua." Upepo ukapita kwenye simu. Kisha, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi kwenye nyumba yenye msiba, akauliza, "Sasa... ni kushoto, ama?"

Angeweza kukata simu. Angeweza kusema kulia, neno moja tu, na kesho watatu hao wangesimama mbele ya mgeni wakasema ujinga kwa kinywa kimoja. Hakuna ambaye angemlaumu. Neno lilimfika mdomoni, tamu, akalionja. Lakini hao wangefaulu kwa namna moja au nyingine, watu wa namna hiyo hufaulu. Wangepata vyeti na makoti meupe, na siku moja mama fulani wa Ndabibi, huko Naivasha, mwenye ng'ombe mmoja angempigia Sue simu akilia, na Sue angekwenda, na kisu.

"Kushoto," akasema. "Andika. Shika kalamu kwanza. Kushoto. Katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kiganja kimoja chini ya mgongo. Ncha ya kisu unaielekeza kwa kiwiko cha mguu wa mbele, ule wa kulia. Lakini kabla ya kisu ni mafuta, nusu lita, polepole, asije akayavuta kwa mapafu. Nisomee."

Sue akamsomea. Alikosea kiwiko. Chepngeno akamrudisha, akamwambia asome tena, kisha akamwambia afunge daftari aseme kwa kichwa. Alimsemesha mara tatu, na mara ya tatu hakukosea. Sue akasema asante, mathe, wewe ni noma, na simu ikakatika.

Chepngeno aliibakiza simu sikioni kwa muda. Mama aliyekuwa kando yake kwenye turubai, ambaye alikuwa amesikia yote, akamuuliza ni nani huyo anafundishwa hivyo.

"Ni daktari," Chepngeno akasema, akainamia viazi.